Mchoro Ulioanzia Mtoni: Namna ya Kuumalizia Nyumbani Bila Kuuharibu

Kwa nini mchoro uliokuwa uking'aa kule mtoni unakuwa mzito ukifika nyumbani? Hilo ndilo swali ambalo wasomaji wanaochora mandhari hulirudia kuliko mengine yote, na nyuma yake yapo mengine: je, inaruhusiwa kumalizia ndani mchoro ulioanzwa nje? Picha ya simu itumike kwa kiasi gani? Na mchoraji atajuaje kwamba sasa inatosha?

Makala haya yanawalenga wanaochora Ifakara na Bonde la Kilombero, mahali ambapo maji, matete, majaruba na safu ya Udzungwa hukutana katika mtazamo mmoja. Ushauri wote unasimama juu ya jambo moja. Mchoro wa nje umebeba kitu kisichopatikana ndani ya nyumba, nacho ni uwiano wa mwanga na kiza kama jicho lilivyouona saa ile. Kazi ya nyumbani ni kuulinda uwiano huo. Mguso wa brashi usiousaidia, usiwekwe.

Kwa nini mchoro hubadilika njiani

Haubadiliki, kinachobadilika ni mwanga unaouangukia. Ubao ukipigwa na jua moja kwa moja, rangi zote huonekana nyeupe kupita kiasi, na mchoraji, bila kujua, huzitia kiza ili zilingane na anachokiona mbele yake. Ndani ya nyumba jua limeondoka, kiza kimebaki.

Kinyume chake pia hutokea. Anayechora chini ya mwembe wenye kivuli kizito huchanganya rangi nyeupe mno, na mchoro ukifika dirishani unaonekana umepauka.

Kinga ni rahisi:

- Geuza ubao hadi uso wake uwe kivulini, hata kama wewe mwenyewe umo juani.
- Paleti na ubao viwe kwenye mwanga uleule. Paleti juani na ubao kivulini ni kosa la kawaida sana.
- Mwavuli uwe mweupe, wa kijivu au mweusi. Mwavuli mwekundu au wa buluu huimwagia rangi yake kazi yote.
- Usivae shati la rangi kali. Nguo huakisi kwenye rangi mbichi.

Dakika za mwisho kabla ya kuondoka

Wengi hufunga vifaa mwanga unapobadilika, na hapo hupoteza robo saa yenye faida kubwa. Usipochukua taarifa ukiwa pale, nyumbani utaibuni.

Mwingereza John Constable, kati ya mwaka 1821 na 1822, alichora mawingu akiwa Hampstead, kando ya London, na nyuma ya michoro mingi aliandika tarehe, saa na hali ya upepo. Kwa maelezo hayo alijua kila wingu lilipata mwanga wake kutoka wapi. Mchoraji wa Ifakara anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kalamu ya risasi:

1. Andika tarehe, saa na upande jua liliko.
2. Andika kitu kimoja kilichokufanya usimame hapo. Kwa mfano: "mstari mweupe wa maji chini ya matete meusi."
3. Panga kwa namba kuanzia cheupe kuliko vyote hadi cheusi kuliko vyote: anga, maji, mlima, majaruba, miti, kivuli cha ukingo.
4. Kwenye kadi ndogo, paka vipande vya rangi kuu kama ulivyozichanganya, kila kimoja na jina lake.
5. Chora kwa kalamu kijichoro kidogo cha mwanga na kiza tu, ukubwa wa kiberiti.
6. Andika maswali yaliyobaki: "Mguu wa mlima unaishia wapi?" "Kivuli cha mtumbwi kina rangi gani?"

Kuhusu usalama, Mto Kilombero una mamba na viboko, kwa hiyo kaa mbali na ukingo na uwaulize wavuvi wa mahali hapo kabla ya kutandaza vifaa. Usisimame majini kwenye majaruba, kwa sababu ya kichocho. Mbu wanapoanza kuuma jioni, ondoka.

Kusafirisha mchoro mbichi

Bodaboda imeharibu michoro mingi kuliko mvua. Rangi ya akriliki hukauka upesi kwenye joto la bondeni na haina shida kubwa. Rangi ya mafuta ndiyo yenye hatari.

- Weka mbao mbili uso kwa uso, na kwenye kila kona gundisha kipande cha kizibo ili nyuso zisigusane.
- Funga kwa kamba pande mbili, kisha tia ndani ya sanduku la kadibodi.
- Usifunike rangi mbichi kwa gazeti wala nailoni. Vyote hung'ang'ania.
- Kiangazi, vumbi ndilo adui. Liking'ang'ania rangi mbichi, usilifute. Subiri rangi ikauke kabisa, kisha liondoe kwa brashi laini.

Chumba, dirisha na taa

Vitabu vingi vya Ulaya humwambia mchoraji atafute dirisha la kaskazini, kwa kuwa kwao jua haliingii upande huo. Ushauri huo ukifuatwa Ifakara bila kufikiri unapotosha. Mji uko takriban nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Kuanzia karibu na mwisho wa Februari hadi katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kusini ndilo lenye mwanga uliotulia. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Februari mambo hugeuka, na dirisha la kaskazini ndilo linalofaa. Mwenye chumba kimoja asihame. Ahamishe stendi tu.

Mambo mengine matatu ya kuangalia:

- Kuta. Ukuta wa buluu au kijani unaakisi. Tundika shuka jeupe au la kijivu nyuma yako.
- Taa ya usiku. Chini ya taa ya njano, rangi ya njano hufifia machoni na mchoraji huiongeza. Asubuhi anakuta majani yote yamepiga unjano. Tafuta taa nyeupe ya mchana, ambayo boksi lake limeandikwa namba kati ya 5000 na 6500. Usipoipata, usiku shughulikia michoro ya kalamu tu.
- Bati. Chumba chenye bati bila dari huwaka mchana, na akriliki hukaukia kwenye paleti. Fanya kazi asubuhi, na weka kitambaa chenye unyevu chini ya rangi.

Usiguse kwanza

Kosa kubwa kuliko yote hufanyika saa ya kwanza baada ya kufika. Mchoraji amechoka, bado ana mandhari kichwani, anaona mapungufu, anashika brashi. Uweke mchoro mahali usipouona kwa siku chache. Ukirudi, utauona kama anavyouona mtu mwingine.

Kisha uupime kwa njia nne, kila moja kwa dakika moja tu:

1. Utazame kwenye kioo. Mlima uliolala upande mmoja utajifichua mara moja.
2. Ugeuze kichwa chini. Uzito wa rangi utaonekana bila jina la kitu.
3. Upige picha ya simu na kuigeuza kuwa nyeusi na nyeupe. Ukiona anga na maji na majaruba vyote vina ukijivu mmoja, tatizo lako ni mwanga na kiza, wala si rangi.
4. Rudi nyuma hatua sita na ufinye macho.

Andika ulichokiona katika mafungu matatu: *kilichokosewa*, *kinachokosekana*, na *kilichoachwa wazi lakini kinapendeza*. Fungu la tatu lisiguswe. Hapo ndipo ilipo miguso ya haraka ya matete na anga iliyopakwa mara moja, vitu ambavyo mkono uliotulia nyumbani hauwezi kuvirudia.

Mpangilio wa kazi

Fuata mtiririko huu na usiruke hatua:

1. Maumbo makubwa. Rekebisha mstari wa upeo, urefu wa mlima, mteremko wa ukingo.
2. Mwanga na kiza. Linganisha na namba ulizoandika mtoni. Ikiwa mchoro mzima umekuwa mzito, usiongeze nyeupe kila mahali. Inua sehemu mbili au tatu zenye mwanga mwingi zaidi, kisha tazama tena. Mara nyingi hiyo inatosha.
3. Kingo. Amua ni wapi pakali na wapi palainike. Mguu wa Udzungwa unaozama kwenye ukungu ulainike. Ubavu wa mtumbwi ulio karibu uwe mkali.
4. Rangi. Tumia kadi yako ya vipande.
5. Vitu vidogo. Ndege, watu, nguzo za daraja. Vichache, na mwishoni.

Wengi huanza na hatua ya tano kwa sababu inafurahisha. Matokeo yake ni mvuvi aliyechorwa vizuri akielea juu ya maji yasiyokaa sawa.

Kijani cha Kilombero

Hakuna mandhari yenye majaribu ya kijani kama bonde hili. Mwezi Februari kuna mpunga mchanga, miwa upande wa Kidatu, mitiki iliyojaa majani, miembe, matete, na msitu wa Udzungwa nyuma yake. Kwa kijani kimoja kutoka kwenye tubu, vyote vinakuwa zulia.

Vitenganishe hivi:

- Mpunga mchanga: njano kali na tone la buluu. Ndicho kijani cheupe kuliko vyote, na kiwe mahali pamoja tu.
- Matete: kijani kilichotiwa kijivu. Ongeza oka ya njano na nyeupe kidogo.
- Miembe: njano ikichanganywa na nyeusi hutoa kijani kizito cha zeituni, kinachofaa sana hapa.
- Mitiki: kijani chenye tone la siena. Kiangazi hupukutisha majani, basi angalia tarehe yako.
- Msitu wa mlimani: altramarini na nyeupe, na kijani kidogo sana. Umbali hunyang'anya njano kwanza.

Kila kijani kitiwe tone la wekundu. Kijani kisicho na wekundu wowote huonekana kama plastiki.

Picha ya simu: mtumishi mzuri, bwana mbaya

"Nina picha safi kabisa ya mahali pale. Kwa nini nisiifuate?" Pingamizi hili husikika sana, na sababu za kulikataa zinaonekana wazi katika bonde hili.

Kwanza, mara nyingi simu hushindwa kupima anga na kivuli kwa pamoja kama jicho. Ikiifuata anga, matete yanakuwa meusi tii. Ikiyafuata matete, anga inakuwa nyeupe tupu. Jicho liliviona vyote viwili. Pili, lenzi ya simu ni pana, na vitu vya mbali huvipunguza. Ukisimama Mang'ula, ukuta wa Udzungwa unajaza macho. Kilele cha juu kabisa cha safu hiyo, Luhombero, kinapita mita 2,500, ilhali sakafu ya bonde haifiki hata mita 400. Kwenye picha ya simu ukuta huo unageuka kichuguu. Anayenakili picha hupoteza kile kilichomsimamisha.

Tumia picha kwa mambo haya: umbo la mtumbwi, idadi ya nguzo, jinsi tawi linavyojikunja. Usiitumie kwa rangi, kwa kiza cha vivuli, wala kwa urefu wa milima. Urefu upime palepale kwa mpini wa brashi, mkono ukiwa umenyooka, na uandike: "mlima mara mbili ya urefu wa matete." Na ukipiga, piga tatu: moja ya anga, moja ya vivuli, moja ya katikati.

Kanuni ya kufuata: ukishapata jibu la swali lako, zima simu.

Usichanganye Aprili na Septemba

Uwanda wa mafuriko wa Kilombero, uliotambuliwa kuwa ardhioevu ya kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002, hubadilika sura kabisa ndani ya mwaka mmoja. Masika maji hutapakaa na nchi kavu inabaki vipande. Kiangazi nyasi hukauka, huchomwa, na moshi hutanda hadi milima inatoweka.

Kwa hiyo anayerudi mahali palepale baada ya miezi kadhaa ili "kukamilisha" anakuta mahali pengine. Moshi wa Septemba una wekundu na unalainisha kila kitu. Hewa baada ya mvua ya Aprili ni safi na mlima unasogea karibu. Vikiingia katika mchoro mmoja, mtazamaji atahisi kuna uongo hata kama hajui ulipo. Ukirudi, rudi ndani ya wiki ileile, saa ileile, na hali ya hewa ileile. Ikishindikana, anza mchoro mpya.

Kuukuza mchoro mdogo

Wapo wanaotaka kutumia ubao mdogo wa nje kutengeneza kazi kubwa ya ukutani. Hii ni njia ya kale na ya heshima. Constable alichora Mto Stour wa kwao katika studio yake London, akitumia michoro midogo ya nje. Kwa kazi yake maarufu *The Hay Wain* ya mwaka 1821 alitengeneza kwanza jaribio la ukubwa kamili, ambalo leo limehifadhiwa katika jumba la Victoria and Albert mjini London.

- Tunza uwiano. Ubao wa sentimita 20 kwa 30 hukua kuwa 40 kwa 60, au 60 kwa 90. Haukui kuwa 60 kwa 80 bila kukata sehemu.
- Chora miraba kwenye karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga na uiweke juu ya mchoro mdogo; usichore miraba juu ya mchoro wenyewe.
- Ongeza ukubwa wa brashi kwa kiwango kilekile. Brashi ndogo kwenye turubai kubwa hutoa kazi kavu.
- Usijaze nafasi mpya kwa vitu vipya. Anga kubwa tupu ni sehemu ya bonde hili.
- Mchoro mdogo ubaki kama ulivyo. Ndio ushahidi wako.

Hatari za rangi zenyewe

- Akriliki haipakwi juu ya rangi ya mafuta. Itabanduka. Mafuta juu ya akriliki iliyokauka inaruhusiwa.
- Akriliki ikikauka huwa nzito kidogo. Rangi ya maji hupauka. Jaribu kwanza kwenye kadi.
- Kwa rangi ya mafuta, tabaka la juu liwe na mafuta zaidi ya lililo chini. Kinyume chake huleta nyufa.
- Usipunguze rangi kwa petroli, maana ni hatari ya moto. Mafuta ya taa nayo huchelewa kukauka na huacha mabaki. Tumia tapentaini, madirisha yakiwa wazi.
- Matambara yenye mafuta ya kitani yanaweza kujiwasha yenyewe, hasa yakirundikwa ndani ya chumba cha bati. Yaloweke majini na kuyatoa nje siku hiyohiyo.
- Vanishi ya kawaida ya rangi ya mafuta hungoja miezi sita au zaidi.
- Masika, michoro ya karatasi hupata kuvu. Itenge na ukuta, na iinue kutoka sakafuni kwa sababu ya mchwa.

Pingamizi zinazorudi

*"Kumalizia ndani si udanganyifu?"* Claude Monet alianza michoro yake ya Mto Thames akiwa London kati ya 1899 na 1901, kisha akaifanyia kazi kwa miaka katika studio yake Giverny, Ufaransa. Alikataa kuitoa mmojammoja kabla ya kuiona yote kwa pamoja, na mwaka 1904 michoro 37 ilionyeshwa Paris. Kwa mchoraji wa Kilombero kuna faida hapo: tundika michoro yote ya mahali pamoja kwenye ukuta mmoja. Mmoja utausahihisha mwingine.

*"Sam Ntiro alichora kwa kumbukumbu. Kwa nini tuhangaike na jua?"* Ni kweli kwamba Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923 aliyesoma Makerere na London, aliyachora maisha ya Wachagga kwa kumbukumbu, na kazi yake ya mwaka 1956 imo katika Museum of Modern Art, New York. Lakini alichora mlima aliokulia, na mada yake ilikuwa watu na shughuli zao, wala si mwanga wa asubuhi moja. Mwenye lengo kama lake ana ruhusa ya njia yake. Anayetaka mwanga wa saa 1 asubuhi hana budi kuwa pale saa 1 asubuhi.

*"Wateja wanataka wanyama."* Basi waweke walio wa hapa. Bonde la Kilombero linajulikana kwa sheshe. Milima yenye theluji nyuma yao haina nafasi. Na mnyama aingie katika hatua ya kwanza, kwenye maumbo makubwa, ili kivuli chake kifuate jua lako. Mnyama anayebandikwa mwishoni hujulikana.

*"Sina studio."* Dirisha moja, ukuta mweupe na kiti vinatosha.

Dalili za kukomea

Weka brashi chini ukiona lolote kati ya haya:

- Maswali uliyoyaandika mtoni yamekwisha.
- Unarudia kupaka mahali palepale.
- Unaongeza kitu ambacho hukukiona.
- Mguso unaofuata ni wa kumridhisha mtu asiyekuwapo.

Kisha geuza ubao na uandike nyuma mahali, tarehe na saa mchoro ulipoanzwa, aina ya rangi, na mwezi uliomaliziwa nyumbani. Mnunuzi akiuliza, mwonyeshe maandishi hayo. Hakuna cha kuficha. Swali lolote lililokosa jibu, kama rangi ya kivuli chini ya mtumbwi, lihamishie kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la safari ijayo, na ukifika mtoni, kabla ya kufungua rangi, lichunguze hilo kwanza.